Alama ya Mzinga wa Maundu

Kisahani cha shaba kilizidi shilingi kidogo tu kwa upana, na kilikuwa kimelala ardhini kule Maktau karibu miaka themanini kabla wachimbaji wa mambo ya kale hawajakifukua. Upande mmoja kilikuwa na nambari, 4417, kama vile vingine arobaini walivyovishwa shingoni wapagazi wa vita vya Mwingereza na Mjerumani. Upande wa pili mtu alikuwa amekwaruza mistari mitatu na nusu duara.

Wayua, aliyekuwa akiandaa maonyesho ya wapagazi hao, alikigeuza, akakiinamia. Mkamba huchora alama ya ukoo kwenye mzinga wake wa nyuki, kisha huongeza mkato wake mwenyewe. Alama hii, pamoja na mkato wake, aliijua tangu utotoni. Ilikuwa kwenye mfuniko wa mzinga wa babu yake Maundu, aliokuwa nao mama yake hadi leo.

Siku tatu zilibaki kufungua maonyesho katika ghala kuukuu pale Voi. Mizigo arobaini na mmoja ya magunia ilining'inia kwa kamba za mkonge, kila mmoja na kisahani chake. Majina hayakuwapo. Sasa moja lingekuwapo, na Wayua aliapa kuliandika.

"Baba yangu alikuwa askari," alisema mama yake, Mutindi, aliyeachwa tumboni baba alipoondoka. "Alibeba bunduki. Mzigo wa mgongoni, ukanda kwenye kipaji cha uso, ni wa wanawake. Unataka watu wamcheke?"

"Alikamatwa, Mama. Hakuulizwa."

"Ukiandika, mimi usinitarajie huko."

Maneno hayo yalimchoma Wayua, maana mama hakuwa mtu wa kutishia bure. Usiku huo alilia. Asubuhi alichukua brashi, akaandika chini ya 4417: MAUNDU. Miaka yote mzee wa watu alikuwa amelala kwenye uongo wa heshima, na uongo, hata ukiwa wa heshima, haumrudishi mtu nyumbani.

Siku ya maonyesho wageni walijaa. Wayua aliwajibu huku jicho likiwa mlangoni. Saa nane Mutindi aliingia, mfuniko wa mzinga kwapani na kikapu mkononi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mzigo wa 4417. Aliulinganisha na kisahani, akapitisha kidole kwenye mistari ya huku, kisha ya huku, mara mbili.

Akavuta mzigo, akaukagua.

"Nani amefunga hivi?"

"Mimi, Mama."

"Na hiki kifundo? Mtu hafiki hata Bura nacho, Maktau je? Kitamkata shingo."

Aliufungua mzigo pale pale mbele ya wageni. Kutoka kikapuni alitoa ukanda wake wa ngozi, uliolainishwa na kuni za miaka mingi, akaufunga mzigo upya kwa ukanda huo, polepole. Kisha akainama, akauweka ukanda kwenye kipaji chake mwenyewe, akasimama nao ili aone kama umekaa sawa.