Darasa la Kugombana

Mimi ni mtu wa sokoni. Nimeuza mitumba tangu ujana, nimepayuka mpaka sauti ikawa ya debe bovu, na mteja akinichezea nampa vidonge vyake palepale, kisha tunacheka na anaondoka na blauzi. Ndivyo nilivyozoea kuishi na watu. Sasa magoti yamegoma, kibanda nimemwachia mwingine, chumba cha kupanga nimekirudisha kwa mwenyewe. Nikabeba mabegi yangu nikaja kwa binti yangu, mtoto wangu wa pekee, huku shamba.

Kumbe si shamba tu. Ni kijiji cha watu waliochoshwa na mji, wakaamua kuishi bila kuiharibu dunia. Nyumba za udongo, umeme wa jua, maji ya mvua, mboga za bustanini. Hakuna kinachotupwa. Ganda la ndizi lina mahali pake, na ukienda chooni, samahani, hiyo nayo ina mahali pake: inashuka kwenye shimo la gesi, na gesi hiyo ndiyo inayochemsha chai. Mkwe wangu aliponieleza hayo kikombe kilikuwa mdomoni. Nilimeza kwa sababu ya heshima tu.

Na kusoma, jamani, wanasoma hao! Kikongwe asiye na meno anajifunza kupiga filimbi. Kila mkazi lazima afundishe kitu na ajifunze kitu, hakuna kustaafu. Mgeni naye anavumiliwa msimu mmoja. Mvua zikiisha, ama awe amefundisha somo likafika mwisho, ama afungashe virago.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa juu juu, maana sikuwa na pa kurudi. Na hata ningekuwa napo, nilitaka kukaa karibu na mwanangu, basi. Ila yeye hakunipa neno la kushika. Kila nikilidokeza jambo hilo anatabasamu na kusema, "Ni wewe tu, mama, utakavyoona." Jibu gani hilo? Mtu anakupenda au anakuvumilia? Nilikuwa nalala nalo, naamka nalo.

Nikaona nijipendekeze kwa usafi. Choo cha wote kilikuwa na kaharufu, na mimi nilikuja na chupa yangu ya dawa kali, ile inayoua kila kijidudu. Nikamwaga yote, nikasugua, choo kikanukia limau. Nilitoka humo nimejaa fahari. Kumbe vijidudu ndio wafanyakazi wenyewe wa kijiji! Ndio wanaotengeneza gesi, na mimi nimewafutilia mbali ukoo mzima. Moto wa jikoni ukafifia, ukakata roho. Asubuhi hakuna chai, hakuna uji, na mchana tukatafuna kabichi mbichi kama sungura.

Mkutano ukaitishwa. Kwao anayesema ni yule aliyeshika mwiko, wengine wananyamaza. Nikajifunga kibwebwe kungoja matusi yangu, maana nilijua nimekosa. Akasimama Mratibu, bwana mrefu mpole anayevaa kandambili juu ya soksi.

"Tunamshukuru mama yetu," akasema, "kwa kutupa nafasi ya kujifunza kuhusu vyakula vibichi."

Watu wakachezesha vidole hewani, ndiyo makofi yao. Mwiko ukamfikia Bwana Nyuki, mfugaji wa nyuki, tumbo likimnguruma mpaka nyuma tukalisikia. Naye akanishukuru. Ukamfikia Bibi Uyoga, mkulima wa uyoga, jicho moja limefunga kwa kuumwa na nyuki, kwa sababu mizinga ya Bwana Nyuki iko hatua chache kutoka kwenye kamba yake ya nguo. Alitushukuru sote, nyuki wakiwemo.

Nikaunyakua ule mwiko.

"Ebo! Mnashukuru nini ninyi? Nimewashindisha njaa! Nigombezeni! Na wewe, dada yangu, jicho limekuwa kama mto wa kulalia, unamshukuru nani? Hamjui kugombana ninyi! Ndiyo maana mikutano yenu haiishi, kila mtu amemeza lake, mnatabasamu mpaka mashavu yanauma!"

Binti yangu akaangalia miguu yake. Mratibu akajikuna kidevu.

"Hilo la kugombana," akasema taratibu, "linafundishika?"

"Sana! Ni somo kamili."

"Basi tufundishe."

Hivyo ndivyo nilivyopata darasa, kwenye karakana ya seremala, katikati ya maranda. Siku ya kwanza walikuja wawili: mkwe wangu, ambaye bila shaka alitumwa, na binti yangu, aliyekaa nyuma kabisa akishona kikapu kilichotoboka. Lakini nilipomfundisha mkwe kupaza sauti, wapita njia walianza kuchungulia madirishani, na waliochungulia wakaingia.

Kanuni zangu ni za sokoni. Simama. Mtazame mwenzio usoni. Taja kitu kilichotokea, usiguse sura ya mtu wala ukoo wake. Na hakuna kutoka mpaka mmalizane. Bibi Uyoga akajitolea kuanza. Akasimama mbele ya Bwana Nyuki, mikono ameifumbata.

"Bwana Nyuki, nahisi kwamba huenda, kwa namna fulani..."

"Kaa chini!" nikamkata. "'Nahisi' kamwambie daktari. Anza upya."

"Nyuki wako wananiuma," akanong'ona.

"Hatusikii huku!"

"Nyuki wako wananiuma! Kila nikianika! Nimekuwa naanika nguo zangu usiku kama mwizi!"

Bwana Nyuki akawa mwekundu wa macho. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje na wewe kila siku unaniletea asali?"

"Nilikuletea asali kwa sababu nilikuona umevimba!"

Wakatazamana. Yule mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia maranda, na Bwana Nyuki akamwinua huku naye akifuta machozi. Kesho yake mizinga ikahamishiwa ng'ambo ya bustani, na wale wawili tangu hapo utawakuta wanabishana kamba ifungwe wapi, raha zao tupu.

Kijiji kikapata sauti, nakwambia. Mratibu mwenyewe alikuja, akaambiwa na seremala kwamba anaongea mno, na akajibu, "Na wewe meza uliyonitengenezea inayumba!" Kisha akanishika mkono kwa furaha kana kwamba amepewa mtoto. Gesi ikarudi, chai ikarudi. Binti yangu peke yake ndiye ambaye hakufungua mdomo. Kila kipindi yupo, nyuma, na kikapu chake.

Mvua zikaisha. Siku ya somo la mwisho karakana ilijaa, wengine wamekalia mbao. Mratibu akasimama.

"Somo limefika mwisho na kijiji kimeridhika. Mama yetu anaweza kuwa mkazi. Kilichobaki ni nyumba ya kumpokea." Akamgeukia binti yangu. "Unasemaje?"

Watu wote wakageuka. Mimi nikashika meza ya seremala.

Mwanangu akatabasamu. "Ni mama tu, atakavyoona."

Loo! Nilichemka.

"Usinipe hiyo! Usithubutu kunipa hiyo tena! Watu wote humu wamejifunza kusema, wewe uliyezaliwa na mimi unaniletea tabasamu! Simama! Una neno nami, litoe!"

Kikapu kikaanguka. Akasimama. Sikuwahi kumwona na uso ule.

"Umehamisha sufuria zangu zote!" akapiga kelele. "Unga wangu wa kuchachusha mkate, niliokuwa nautunza, umemwaga ukasema umeoza! Unamkunjia mume wangu nguo zake za ndani!" Mkwe akatazama dari. "Na ulikuja mlangoni kwangu na mabegi ukasema, 'Nimekuja.' Hukuuliza! Tangu hapo umewauliza watu wote kama unafaa kukaa. Umemuuliza Mratibu, umemuuliza Bwana Nyuki, umemuuliza hata yule mama anayeokota mayai. Mimi hujaniuliza! Mimi ndiye mwenye nyumba, mama!"

Nikaiacha meza, nikamsogelea. Mimi, niliyegombana na wenye maroli, niliogopa. Nilikuwa nimeogopa tangu siku ile ya mabegi, maana anayeuliza anaweza kukataliwa.

"Mwanangu," nikasema, na sauti haikuwa ya sokoni, "naomba kukaa kwako. Unanitaka?"

Akaokota kikapu, akakiweka mezani.

"Kwangu, hapana," akasema.

Mtu mmoja akaguna.

"Tutauana, mama. Mimi nitakuwa natabasamu na wewe utakuwa unasugua." Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta. "Lakini ile nyumba ndogo ya jirani ni tupu. Nataka uhamie hapo. Nataka uwepo. Nataka uzeekee karibu yangu, nikuone kila siku. Ila mlangoni kwangu upige hodi."

Mitumba yote niliyouza, hakuna aliyewahi kunipa bei nzuri namna ile. Nikalia mbele ya wanafunzi wangu, kamasi na yote, na sikuona haya.

"Nitapiga," nikasema nilipopata pumzi. "Na usipofungua?"

"Ujue nimelala."

"Nitagombana na mlango."

"Gombana nao," akasema mwanangu, akanikumbatia kwa nguvu mpaka mbavu zikalia. "Nitakuwa nakusikia."