Fimbo Isiyogusa

Mimi sikumpenda Uweso kwa sura. Nasema wazi, maana wapo wanaodai nilimfuata kwa weupe wa meno yake na kanzu zake za melimeli. Nilimpenda kwa fimbo yake. Nilimwona sikukuu ya Idi, pale Pangani, mwaka wa hamsini na mbili, akicheza kirumbizi, ngoma ya fimbo. Zumari inalia, wanaume wamefanya duara, na kila aliyeingia kukabiliana naye alitoka amenywea. Fimbo ya Uweso ilishuka kwa kasi ya kutisha, kisha ikasimama kando ya sikio la mtu, pasipobaki nafasi hata ya kupitisha kidole. Haigusi. Watu wote wanapiga kelele, "Allah!" Nikajiambia, Mwamvua, ukikaa nyuma ya mkono ule hapana atakayekugusa tena.

Nilikuwa na sababu ya kuwaza hivyo. Ndiyo kwanza nimetoka edani, nimeachwa na Sadalla, mkwezi wa minazi wa ng'ambo ya Bweni. Mikono ya mkwezi inajulikana, kiganja kigumu kama kifuu. Alinipiga muda wote niliokaa kwake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kwa hiyo sitaieleza hapa. Aliniacha kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, na eda ilipokwisha akaja juu, eti alikwisha kunirejea moyoni. Kadhi akamwambia rejea ya moyoni isiyotamkwa haipo. Sadalla akatoka pale akatukuta nje, mimi na mama yangu.

"Kadhi alala kwake," akasema. "Nawe utalala kwangu, upende usipende. Nitakuja kukuburura mchana kweupe, watu watazame."

Basi Uweso alipoleta posa, mama ndiye aliyeuliza habari za ukoo na kazi. Mimi nilikwisha kukubali zamani. Tukahamia Tanga, tukapanga vyumba viwili Nguvumali, na Uweso akapata nafasi ya kushona kanzu kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja. Alikuwa fundi cherehani mzuri, mpole, hana neno na mtu. Kwa mwaka mzima nililala usingizi wa mtoto mchanga.

Jioni, baada ya sala ya alasiri, vijana walikuja uani kwetu kujifunza. Mimi nilikaa jikoni nikitazama kupitia upenu wa makuti. Uweso aliwafundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Aliwaambia macho yasiifuate fimbo, yafuate kifua cha mtu, maana fimbo hudanganya na kifua hakidanganyi. Mguu wa nyuma uwe mzito. Kinga kwanza, jibu baadaye. Na ukijibu, fimbo isimame. Alikuwa akiweka yai juu ya kigoda, mwanafunzi alishushie fimbo kwa nguvu zake zote, na yai lisitikisike. Aliyevunja yai alirudi nyuma ya mstari. Aliyemgusa mwenziwe, hata kwa bahati mbaya, aliombeshwa radhi mbele ya wote.

"Punda naye aweza kupiga," alikuwa akiwaambia. "Anayegusa ameshindwa."

Vijana wanaitikia, "Naam, fundi." Nami jikoni nachochea moto na najiuliza, hivi Sadalla ameambiwa kwamba anayegusa ameshindwa?

Nikamwomba anifundishe. Alicheka kwanza, akasema hiyo ni ngoma ya wanaume. Nilimsumbua mpaka akachoka, na asubuhi za Ijumaa, mlango wa ua umefungwa kwa komeo, akanipa fimbo ya wanafunzi akaanza kunifunza. Kukinga nilijua upesi. Aliyewahi kupigwa hahitaji kuelezwa kofi litatokea wapi. Uweso mwenyewe alistaajabu. Ndipo akaniambia sasa nijibu, nami nikajibu, fimbo ikamshukia begani paaa!

"Mwamvua! Wan'piga?"

"Si ndiyo kazi ya fimbo, bwana?"

"Isimamishe!"

"Mkono wangu hausimami. Tangu mdogo natwanga. Mchi hausimami hewani. Ukisimama hewani, watu hawali."

Hakucheka. Akaleta kigoda na yai. Nikavunja yai. Akaleta la pili, nikalivunja nalo, na la tatu likaruka mpaka ukutani. Yale yaliyobaki kwenye ganda nikayakaanga, na Uweso hakuyala. Akaichukua fimbo yake mwenyewe, ile ya mtobwe, akaiegemeza mahali pake nyuma ya mlango, akasema mafunzo yamekwisha.

"Na Sadalla akija?" nikamwuliza.

"Akija atanikuta mimi. Akiiona fimbo yangu atajua."

"Atajua nini?"

"Kwamba ningetaka, ningempiga."

Nilitaka kumwambia kwamba Sadalla hasomi mambo ya ningetaka, anasoma ya nimepigwa tu, lakini mwanamume akikwisha kujisifu mbele ya mkewe hasikii tena. Nilikwenda kutwanga.

Kinu tulitwanga wawili, mimi na jirani yangu Bibiana, Mkatoliki wa milimani, mke wa Laurenti aliyekuwa akifanya kazi shamba la mkonge. Huyo Laurenti alikuwa askari zamani, alifika mpaka Burma, na alikuwa hawezi kucheza hata ngoma ya watoto. Siku ile nilimhadithia Bibiana habari za mayai. Alicheka mpaka akaacha mchi.

"Shoga, mumeo kweli anacheza vizuri," akasema. "Lakini amewahi kumpiga mtu?"

"Hajawahi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Ndiyo sifa yake."

Bibiana akapepeta pumba, akanitazama. "Basi hajui kama anaweza."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu alisema kile nilichokuwa nakificha. Lakini kesho yake mwenyewe alikuja na gunia, tukalijaza makumbi, tukalitundika kwenye boriti ya jiko lake, na kila tulipomaliza kutwanga nikawa nalipiga lile gunia kwa mpini wa jembe. Laurenti alimwambia mkewe, naye akaniambia mimi, kwamba nisihangaike na kichwa. Kichwa hukwepa. Nilenge mtulinga, ule mfupa uliolala kati ya shingo na bega, maana mtu akivunjika pale mkono wote hunyong'onyea. Kwa hiyo nikachora mstari wa mkaa kwenye gunia. Uweso hakujua.

Habari za Sadalla zikaja na watu wa Pangani. Yuko Tanga, anakwea minazi ya tajiri mmoja, na anauliza watu nyumba yetu iko wapi. Nilimwambia Uweso. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, wala mkono haukutikisika. Akasema, "Mwache aje."

Alikuja siku ya harusi moja, mtaa wa Usagara palepale Tanga, alasiri, jua bado kali. Sisi wanawake tulikaa upande wetu chini ya kivuli cha makuti, na wanaume uwanjani wamefanya duara, kirumbizi kimepamba moto. Uweso yumo ndani, anacheza na kijana wake, watu wanamtunza. Mcheza kwao hutuzwa, na Usagara ilikuwa imekwisha kuwa kwao. Sadalla alipita katikati ya wanawake kama anayepita katika mihogo yake. Amevaa kanzu safi, hajalewa. Akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Inuka. Twende kwetu."

Nikapiga ukelele. Wanawake wote wakapiga ukelele. Akanivuta nje ya kivuli, kanga ikanidondoka begani, naye hanitazami hata usoni, anavuta tu, mithili ya mtu anayevuta mbuzi wake. Nikaona duara linafunguka, Uweso anatoka. Wallahi moyo wangu ulifurahi. Nilisahau maneno yote ya Bibiana. Nikasema, leo Sadalla, leo utajua.

Alikuja sawasawa, kama alivyowafundisha vijana. Mguu wa nyuma mzito. Macho kifuani. Fimbo ikapanda, ikashuka, nikaisikia inakata upepo. Ikasimama kando ya sikio la Sadalla.

Haikugusa.

Na watu, laana ya Mungu iwe juu yao, watu wakapiga kelele, "Allah!" Wanaume wazima, mke wa mtu anaburutwa, wanashangilia. Mpiga zumari akaipandisha sauti kama afanyavyo mchezaji akishinda. Uweso amesimama tu, anangoja, kama alivyozoea kungoja mwenziwe ainamishe fimbo na kutoka. Nilimtazama usoni. Alikuwa ameridhika.

Sadalla alikuwa amefumba macho. Akafumbua. Akagusa sikio lake, akaona liko zima, akacheka. Kisha akampiga Uweso ngumi ya mdomo kwa mkono wa kulia, na wa kushoto bado umenishika mimi.

Uweso alikaa chini mchangani, damu inamtoka mdomoni. Akainua fimbo mara ya pili, hapohapo alipokaa. Nami nilikuwa karibu, niliona vizuri kuliko mtu yeyote. Nikaona mkono unashuka, nikaona unafika gotini kwa Sadalla, nikaona unasimama. Mara ile ya pili alitaka kupiga. Naapa alitaka. Macho yake yalikuwa yanataka na mkono ukakataa, maana haukufundishwa njia ya kufika.

Sadalla akaipiga teke ile fimbo, akanisukuma niangukie nguzo ya kivuli. Nikapasuka nyusi, jicho la kulia likajaa damu. Nilipapasa chini nipate pa kujishikia, mkono ukaangukia fimbo. Yeye akainama anishike nywele, na akiinama, mtulinga ulikuja wenyewe mbele yangu, palepale penye mstari wa mkaa. Nikapiga magoti, nikaishika fimbo kwa mikono miwili, nikaishusha.

Mfupa ulilia. Sadalla akaniachia, mkono ukaning'inia, akalia kwa sauti nyembamba ya kitoto ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikampiga tena mahali palepale, nisije nikadanganyika kwamba ilikuwa bahati.

Safari hii hapakuwa na aliyesema Allah. Zumari ilikatika. Watu walimbeba Sadalla, na mzee mmoja wa ngoma akatikisa kichwa akisema, "Mchezo umeharibika." Mwenye harusi alilalamika kwamba damu imemwagika siku ya mwanawe. Wanawake wenzangu, waliopiga ukelele pamoja nami, wakajikunyata upande wakinitazama kama niliyetoka makaburini. Uweso akanyoosha mkono, nikadhani ananiinua. Alichukua fimbo.

Tulirudi Nguvumali kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, kanga nimeibana kwenye nyusi. Tulipofika akachota maji. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwinulia uso anioshe. Akapita. Akaketi kizingitini akaanza kuiosha fimbo. Aliosha kwa maji, akasugua kwa majivu, akamimina mafuta ya nazi kwenye kitambaa, akawa anapaka taratibu, kutoka kichwani mpaka nchani.

"Uweso," nikasema, "jicho sioni nalo."

"Ngoja." Midomo yake ilikuwa imevimba, maneno yanatoka kwa shida. "Fimbo hii nimerithi kwa babu yangu. Haijapata kumgusa mtu. Leo imegusa, na mkononi mwa mwanamke."

"Na mimi je? Mimi sikuguswa?"

Akafikiri. Akaniambia kwa upole, upole uleule nilioolewa nao:

"Nilikwisha kumshinda, Mwamvua. Watu wote waliona, walishangilia. Nilikwisha kumshinda, nawe ukan'vunjia."

Nikamtazama kwa jicho moja lililobaki. Nilitafuta kama anasema uongo kuficha aibu, maana hilo ningelisamehe. Mwanamume mwoga anasameheka. Lakini Uweso hakuwa anasema uongo. Aliamini. Meno yake yale meupe, moja limetoka, na aliamini kwamba ameshinda.

"Kesho utakwenda kwa wazee wa ngoma," akasema, "ukawaombe radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kugusa."

Nikainuka.

"Nipe talaka yangu, Uweso."

Akaitoa palepale, bila kuinua kichwa, akiigeuza fimbo juani kutazama kama damu imetoka yote.