Mtungi Usiokauka

Kilichomnyima Ngowa raha ni mtungi mmoja uliokataa kukauka.

Makumbusho yao pale Ganda yalikuwa chumba kimoja tu: upande huu ugemaji wa mnazi, upande ule chumvi ya bahari. Kila chombo alikipanga Ngowa mwenyewe, vibao akaviandika kwa mkono wake, na ole wake aliyethubutu kumkosoa. Mtungi wenyewe ulikaa upande wa mnazi. Kibao chake kilisema: MTUNGI WA TEMBO. Lakini kila asubuhi ya mawingu ulikuwa umelowa, umeacha duara la maji kwenye ubao wa chini. Mwenziwe wa upande wa chumvi, uliofanana nao kama pacha, ulikuwa mkavu kama kifuu.

"Unavuja," alisema Gona, mgema aliyeleta kibuyu cha tembo, pombe ya mnazi, kwa ajili ya wageni wa siku hiyo.

"Utavuja nini, mzee, na haujatiwa kitu tangu uje?"

"Basi una kiu. Ngoja niunyweshe."

Gona akainua kibuyu. Mpango ndio huo: mnazi umiminwe mtungini, wageni waone povu likipanda. Ngowa akamshika mkono. Alipitisha kidole ubavuni mwa mtungi, akakitia mdomoni. Chumvi. Akajaribu mahali pengine. Chumvi. Akauendea ule mkavu, akaulamba kabisa. Vumbi tu.

"Wewe ni mtunza vyombo au mbuzi?" Gona akauliza.

Ngowa hakucheka. Mitungi ile ililetwa siku moja, kwa gari moja, imeviringwa magunia. Mmoja ulitoka kwa wagema wa Kaloleni. Wa pili ulikuwa wa Bi Kaltuma wa Mambrui. Mamake aliutumia kukingia maji yaliyochujwa kwenye udongo wa chumvi, kabla ya kuchemshwa. Magunia yalipofunguliwa, Ngowa hakujua upi ni wa nani. Angeuliza, lakini alikwisha kujigamba kuwa anavijua vyombo hivi kuliko wenyewe. Akabahatisha. Kumbe udongo ulikuwa umekunywa chumvi miaka na miaka, na sasa unavuta unyevu wa hewa, kama chumvi ya jikoni siku za mvua.

Na Bi Kaltuma alikuwa mmoja wa wageni wa leo. Nyumba yao haijawahi kuingiza kileo.

"Badilisha vibao," Gona akanong'ona. "Nani atajua?"

Ngowa alikuwa amevishika vyote viwili mkononi mlango ulipofunguliwa.

"Shikamoo, Bi Kaltuma."

"Marahaba." Macho yake yalikwisha kutua ubavuni mwa kibuyu cha Gona. Akaugusa mtungi penye mdomo, palipokuwa na alama ya dole gumba. "Huu ni wa mama. Wafanya nini huku upande wa tembo?"

Gona akaanza kuyachunguza makuti ya paa.

Ngowa angeweza kusema umesogezwa sasa hivi, ili kufagiwe. Maneno yalimfika kwenye ulimi.

"Ni mimi, Bi. Sikujua upi wako, nikaona haya kuuliza."

"Umetiwa tembo?"

"La."

"Hata tone?"

"Hata tone. Mzee alikuwa karibu kutia, nikamzuia."

"Ulijuaje umzuie?"

"Niliulamba."

Bi Kaltuma akamgeukia. "Umeulamba mtungi wa mama yangu."

"Wako kwa kidole tu. Ule mwingine ndio niliulamba."

Bi Kaltuma akapitisha kidole chake, akaonja. Akaonja tena.

"Mara ya mwisho ulitumika mwaka nilioolewa," alisema. "Haya, ubebe. Wewe, si yeye. Yeye mikono yake imelowa tembo."

Ngowa akaubeba kifuani kama mtoto hadi upande wa chumvi, kanzu yake mpya ikalowa. Bi Kaltuma akavuta kiti.

"Kibao hicho kitupe. Lete kalamu, uandike nikwambiavyo. Usipojua, uliza."

Ngowa akachutama na kalamu yake.

"Mama aliitwa nani?"