Mufu Mwenye Alikuya ku Redio

Mi Amisa, mi njo ninasomaka communiqué za kilio, matangazo ya bafu, ku redio yetu ya Kolwezi. Batoto ba siku hizi banatuchekelea, eti ondes moyennes, masafa ya kati, ni bitu bya bazee, inalia kama mafuta mu kikaango. Basikilize FM yabo, inaishia palepale mu muji. Yetu inafika Kasaji, inafika Sandoa, mu bijiji kwenye telefone haishike. Mama mwenye eko analima kule anasikia kwa sauti yangu kama mutoto wake amekufa. Ile kazi haina muchezo.

Asubuhi moja kijana akaingia mu studio, manguo imejaa vumbi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama, mi ni Mukuna. Ule mwenye ulisema amekufa."

Communiqué ile niliisoma mi mwenyewe: Mukuna, creuseur, mutu wa kuchimba shaba na mikono, shimo imemuangukia, mama yake ku Kasaji angojee mwili. Baba mudogo yake, Kalumba, njo aliileta. Ku morgue, nyumba ya kulaza bafu, sura haikuonekana tena, akatambua jezi ya Mukuna. Lakini bacreuseurs banaachaka manguo ya kazi ku mulango ya shimo, na mwenye kuingia anavaa yenye iko karibu. Kalumba anauzisha mikate, angejua vile wapi? Mukuna, yee, aliacha jezi pale, alikuwa Tenke anatafuta kazi, na telefone yake iliibwa pamoja na namba zote za familia.

"Dereva mwenye alitoka Kasaji ameniambia mama alishazika, na anakataa kula," kijana akasema. "Barabara imekatika na mvua. Mama yangu atakufa mbele nifike. Muache anisikie."

Nikamupeleka kwa directeur, tata Benoît. Akatikisa kichwa.

"Amisa, unajua sheria ya hii redio. Communiqué ya kilio inafutwa tu na mwenye aliileta. Kalumba eko ku kilio ku Kasaji, telefone haishike, hatuwezi kumupata. Na kama huyu kijana anadanganya? Unataka tumuue ule mama mara ya pili?"

Alikuwa na haki, na ile njo ilinikasirisha zaidi. Mi ni mutu wa kukasirika haraka, bwana yangu alishazoea.

"Tata Benoît, huyu mutoto nilimuua mi, ku mikro yako. Nitamufufua mi. Ukitaka kunifukuza, unifukuze kisha."

Akatuangalia, mi na kijana. Courant ya umeme ilikuwa imekatika. Akaenda yee mwenyewe kuwasha groupe, jenereta yetu.

Nikamukalisha Mukuna mbele ya mikro. Akaikaribia, akasema:

"Mama, ni mi, Mukuna. Niko muzima, niko Kolwezi. Ule mwenye mulizika si mi. Kula, mama. Tafazali, kula."

Akaanza kulia, na mi nikalia naye, batu bote banasikia. Sina haya nayo. Kisha nikataja namba ya telefone ya redio, nikatia muziki, tukangojea.

Telefone ikalia. Ni yee, mama yake Mukuna; katekista alimupandisha ku kilima kwenye network inashika. Balilia bote babili, balicheka, akaapa atakula. Kisha akaomba kusema na mi.

"Mama wa redio, aksanti. Lakini ku kaburi yangu muko mutoto wa mutu. Nimemulilia kama wangu. Mama yake eko wapi? Ni nani anamungojea?"

Nikaangalia tata Benoît. Safari hii hakuzungumuza sheria. Akanisogezea mikro.

"Batu ba Sandoa, ba Tenke, ba fasi yote mwenye munatusikia," nikasema. "Ku Kasaji kuko kaburi ya kijana mwenye hatujue jina yake. Alikuwa anachimba shaba. Kama mutoto wako alienda ku mashimo na hajarudi, utuite. Tutaisoma hii communiqué kila siku mpaka mwenyewe apatikane."

Telefone ikalia mbele nimalize. Mama wa Sandoa. Nilipoiweka, ikalia tena: mama wa Tenke. Kisha mwingine, na mwingine. Hakuna hata mama moja aliniambia kama ule si wake. Kila moja alikuwa ananiomba nimupatie ile kaburi.