Kifaa cha Nane

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, kwamba kuanzia leo ulinzi wa mtandao umo mikononi mwangu, na kwamba mvamizi yeyote atashughulikiwa bila huruma wala rufaa."

Nilitoa tangazo hilo nikiwa nimesimama juu ya stuli ya jikoni, siku ya pili ya likizo, mkono mmoja kifuani. Mama hakuinua macho kutoka kwenye pasi.

"Ukimaliza kututangazia," alisema, "teremka ufute hiyo stuli uliyoikanyaga na viatu."

Nikateremka, nikafuta.

Lakini hofu yangu haikuwa ya mchezo. Tangu nifike kutoka shule, intaneti ilikuwa ikijikokota kama mtu aliyetumwa asikotaka kwenda. Nilipoingia kwenye mipangilio ya ruta, nilikuta bado inafunguka kwa nywila ya kiwandani, ile iliyochapwa kwenye kibandiko mgongoni mwake, ambayo mgeni yeyote aliyewahi kukaa kwenye kochi letu angeweza kuisoma akisubiri chai. Nikaibadilisha papo hapo. Kisha nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Vilikuwa vinane.

Sisi wa bweni tunajua namna moja tu ya kulinda mlango. Kila jioni matroni huita majina, kila mtu huitika "nipo," na mwili usio na jina kwenye orodha huoneshwa njia. Nikawapanga watu wa nyumbani sebuleni. Simu ya Mama? "Nipo, nipo, niache nimalize mashati." Kompyuta ya Mama, simu ya Baba, simu yangu, televisheni na mashine ya kuchapa, vyote nikavihakiki. Mdogo wangu alikiitikia kishikwambi chake kwa saluti: "Nipo, Kiranja!" Saba. Cha nane kilikuwa mfululizo wa herufi na tarakimu tu, na hakuna aliyekiitikia. Sikumuuliza mtu kama anakijua. Bweni letu halina maswali ya namna hiyo; asiyeitika, nje.

Nikakizuia. Nikatunga nywila mpya ya mtandao wenyewe, yenye herufi ishirini, nikaiingiza mwenyewe kwenye simu za wazazi. Mpaka hapo ningestahili nishani. Lakini mimi sijui kufunga mlango bila kumtolea ulimi aliyebaki nje. Jina la mtandao, lile linaloonekana kwenye simu ya kila aliye karibu, nikalibadilisha likawa MWIZI TUMEKUONA. Mdogo wangu alicheka mpaka kwikwi ikamshika.

Kesho yake jirani alirudisha ngazi.

Jirani huyo tunamwita Bibi, ingawa udugu wetu naye ni ukuta mmoja tu tunaouchangia. Anaishi peke yake, na huzungumza kana kwamba pembeni kuna mtu anayeandika kila neno. Ngazi ile ilikuwa kwake tangu mwaka jana na hakuna aliyeidai. Aliiegemeza mlangoni, akaitikia shikamoo yangu, akaondoka. Siku ya pili akaleta mwavuli na chujio. Siku ya tatu akaleta sufuria kubwa, imesuguliwa mpaka unaweza kujitazama, na ndani yake vibanio vinne vya nguo.

"Vibanio!" Mama alishangaa. "Vibanio vya nguo nani anarudisha?"

"Labda anahama," nilisema.

"Bibi ahame asiniage?" Alivigeuzageuza kiganjani. "Kuna kitu kimemuumiza. Hata ndani hakuingia."

Nikamwacha na vibanio, nikaenda kutazama video mbili. Intaneti ilikuwa ikitiririka kama maji.

Siku ya nne alasiri, saa kumi ilipokuwa imepita kidogo, Mama alinitwisha ngazi begani na kunitanguliza. Bibi alifungua mlango nusu.

"Nimekurudishia ngazi, Mama," alisema mama yangu.

"Ngazi si yangu."

"Lakini hapa ndipo inapokaa. Mama, tumekukosea nini?"

Bibi alitutazama mmoja mmoja, kisha akatupisha. Mezani palikuwa na simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, na mbele yake kiti kimoja. Kioo cha simu kilikuwa cheusi.

"Dada yangu anarudishwa chumba cha upasuaji kesho asubuhi," alisema. "Koo lile lile."

Mama aliketi bila kukaribishwa. "Na leo mmeonana?"

"Leo siku ya nne sijamwona. Unajua tangu ule upasuaji wa kwanza hana sauti. Anaandika kwenye kiubao, nasoma, namjibu. Kila siku kuanzia saa kumi hadi kumi na nusu. Baada ya hapo anachoka."

"Si umtumie hata ujumbe?"

"Namtumia, na anajibu, ingawa sababu sijamwambia. Lakini uso hauji kwa ujumbe. Jana nilijaribu kwa bando, picha ikaganda akiwa amefumba macho. Nikazima. Sikuweza kuitazama."

"Na intaneti yetu je? Paswedi si nilikupa mimi mwenyewe, siku ile alipolazwa?"

Bibi aliichukua simu, akagusa mara mbili, akaigeuza upande wetu. Juu kabisa ya orodha ya mitandao palikuwa na maneno yangu mawili, kwa herufi kubwa.

"Miaka thelathini nilikuwa karani wa mahakama," alisema. "Neno hilo nimewasomea watu wengi wakiwa kizimbani. Sikutegemea kusomewa mimi. Nikaona nirudishe kila kilicho chenu."

"Huo si wetu!" Mama aliruka. "Haki ya Mungu, Mama, huo si wetu." Akatoa simu yake ili amthibitishie. Akaifungua, akaikodolea macho. Kisha akailaza mezani taratibu kando ya ile nyingine. Jina lilikuwa lile lile, na ubavuni mwake alama ndogo ya vema.

Akanigeukia.

"Huenda wavamizi wameingia," nilisema, "wakabadilisha—"

"Wewe."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningepata pa kujificha.

Nikatoa simu yangu. "Ngoja nibadilishe jina kwanza, Bibi. Dakika mbili tu, halafu—"

"Saa kumi na dakika ishirini," alisema. "Sina dakika mbili. Fungua hivyo hivyo."

Nikakiondolea kizuizi kifaa cha nane. Bibi akaligusa jina lile kwa kidole chake mwenyewe. Simu ilipodai nywila akanikabidhi. Nywila niliyoitunga ilikuwa na kejeli kuliko jina; niliiandika kimya, nimeinamisha kioo asiweze kuisoma.

Iliita mara tatu. Kisha akatokea mwanamke mwembamba, kitambaa shingoni, macho yale yale ya Bibi. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, kama mtu anayekagua nyumba aliyoiacha wazi. Akainama, akaandika, akainua kiubao: ULIKUWA WAPI?

"Mtandao ulikuwa na hitilafu," Bibi alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Sasa umetengemaa."

Hakuniangalia. Mama naye alikuwa ameinamia meza. Nimewahi kuponyoka kwenye mikasa mingi ya bweni kupitia mianya myembamba kuliko huo, na miguu yangu ilishaanza kuujongea mlango.

Nikarudi. Nikasogea mpaka nikaonekana kwenye kioo.

"Shikamoo, Bibi," nilisema. "Haikuwa hitilafu. Ni mimi niliyemfungia dada yako. Niliona simu nisiyoijua, sikuuliza ni ya nani, nikaizuia. Na jina la mtandao la kumwita mwizi nililiandika mimi, nilitaka watu wacheke. Hizo siku nne zenu nimezichukua mimi."

Bibi hakugeuka. Kwenye kioo, dada yake alinitazama bila kupepesa. Alikifuta kiubao kwa kiganja, akakipakata, akaanza kuandika. Mkono ulikwenda polepole, ukatua, ukaendelea. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini na nane. Nilisimama mikono nyuma, nikisubiri akiinue.