Ncha ya Kiatu cha Kulia

Kwa miaka kumi na moja niliyoichezea timu ya taifa ya kriketi, baba ndiye aliyekuwa akiitia kiraka ncha ya kiatu changu cha kulia. Mimi narusha mipira ya kasi. Nakuja mbio hatua ishirini na mbili, natua kwa mguu wa kushoto, na wa kulia unaburuzika nyuma ukikwaruza ardhi. Kila baada ya miezi miwili kidole gumba huanza kuchungulia nje. Wenzangu hununua viatu vipya. Mimi ni binti wa fundi viatu.

Wiki tatu kabla ya kutangazwa majina ya kwenda Kombe la Dunia, la kwanza kwa timu yetu, nilimpelekea jozi yangu kibandani. Cha kulia alikitazama mara moja, akakiweka chini. Akakichukua cha kushoto, ambacho hakikuwa kimetoboka popote, akakigeuzageuza.

"Goti linakuuma tangu lini, mama?"

"Goti gani, baba?"

"Hilo hilo unaloliuliza."

Nilicheka peke yangu. Akavuta boksi chini ya benchi, akatoa viatu vyangu vya mwaka jana, akavipanga kando ya hivi. Soli ya zamani ililika katikati. Hii ililika ukingo wa nje.

"Unatua pembeni. Mtu hatui pembeni kwa kupenda. Kocha anajua?"

"Akijua ataniacha. Nina miaka thelathini na mbili, baba, na nyuma yangu kuna binti wa miaka kumi na tisa mwenye mkono kama radi."

Alichovya uzi kwenye nta. "Kiatu nitakishona. Goti silijui kulitia kiraka."

Kocha wetu tulimwita Mama Saa, kwa jinsi alivyochukia kuchelewa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Umenificha wiki ngapi?"

"Sita."

"Kesho saa mbili kwa daktari. Saa mbili na dakika moja, nakata jina."

Daktari alisema goti limevimba tu, halijachanika, ila zile mbio ndefu basi. Mama Saa akanipa hatua tisa. "Kasi ninayo kwa yule mtoto. Wewe nataka akili yako."

Siku ya kwanza mpira ulikwenda kivivu hadi yule binti, akisubiri na gongo lake la kupigia, akaniuliza, "Dada, huu unafika leo au kesho?" Timu nzima ikacheka, nami nikacheka. Wiki ya pili alipiga hewa kabla mpira haujamfikia, na vile vijiti vitatu anavyovilinda nyuma yake vikaanguka. Akaviinua. Nikaviangusha tena. Safari hii alikuja kuniuliza mpira nimeushikaje.

Orodha ilibandikwa mlangoni Ijumaa. Yule binti alikuwa wa nne. Nikapitia kibandani nikiwa bado na jezi.

"Wa mwisho kabisa, baba. Namba kumi na tano."

"Kwani ndege inawaacha wa mwisho?"

Akanivua viatu mwenyewe, akavigeuza. Soli ya kushoto ilianza kulika katikati. Ncha ya kulia ilikuwa karibu nzima.

"Hatua tisa hizi zitaninyima kazi," alisema.

Hata hivyo alikata kiraka kipya, akakifunga kwenye gazeti pamoja na sindano na uzi, akaniwekea begini.