Goti la Posta Lilisema Nini

Asubuhi ile Mama Pasi alifungua simu kama kawaida yake, kikombe cha chai mkono mmoja, beseni la mashuka miguuni, akakuta gazeti lake la mtandaoni limepinduliwa. Tena si kidogo. Picha zimekuwa kubwa kama milango, habari zinateleza zenyewe ukizigusa, na juu kabisa kuna maneno ya furaha: "Karibu kwenye muonekano wetu mpya." Nani aliwaomba huo mpya, sijui, maana hakuna msomaji aliyewahi kwenda kuwalilia kwamba ule wa zamani umemchosha. Lakini watu hawa ndivyo walivyo, hawawezi kuona kitu kimetulia wakakiacha.

Alihangaika nalo nusu saa. Alitafuta ukurasa wa hali ya hewa pale ulipokaa miaka yote, chini mkono wa kushoto, hakuuona. Akagusa hapa, ikaja video ya mpira inapiga kelele. Akagusa pale, akaambiwa ajisajili upya. Mwishowe akaupata umefichwa nyuma ya vistari vitatu pembeni, una kijua cha kuchora kinachekacheka. Akashuka nao mpaka chini, kwenye maoni ya wasomaji. Maoni hayakuwepo, na hapo ndipo roho ilipomruka.

Sasa ili uelewe kwa nini, lazima nikupe habari za mumewe. Watu walimwita Posta, kwa sababu alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja, na baiskeli ikamwachia goti bovu la kulia. Goti hilo lilijua mvua kabla ya mawingu. Mkewe naye ni dobi wa nyumba mbili za wageni, mashuka sitini kwa siku, kwa hiyo kwake mvua si mazungumzo ya kupitishia muda. Posta alipostaafu akajipa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri. Kila alfajiri anasoma utabiri kwenye lile gazeti, anaguna, kisha anaandika chini yake: "Waongo hawa. Goti linasema mvua saa nane." Au: "Jua mpaka jioni. Anikeni bila wasiwasi."

Angeweza kumwambia mkewe kwa mdomo, si wako chumba kimoja? Lakini mzee alipenda neno liandikwe, litoke, limfikie mtu. Mama Pasi anakwenda uani na simu yake, anasoma, halafu ndipo anaamua aanike wapi. "Barua yako nimeipata," anamwambia akirudi kuchukua vibanio. Miaka sita asubuhi yao ilikuwa hiyo.

Halafu Posta akalazwa. Walimtia mpira kooni, akawa hawezi kusema, lakini vidole vilikuwa vizima na goti lilikuwa lake. Wiki tatu aliandika akiwa kitandani. Siku ya mwisho aliandika alfajiri, mkewe akasoma, akaanika mashuka yote sitini, na saa nne wodi ikampigia simu akiwa bado ana vibanio mdomoni.

Tangu hapo ilikuwa miaka miwili. Simu ya marehemu ndiyo aliyoitumia, ya kwake aliiweka kabatini. Kila asubuhi alianza kwa kufungua ukurasa wa siku ile ya mwisho na kuyasoma yale maneno. Akishayasoma anatafuta tarehe ya leo katika mwaka mmojawapo wa zamani, anaona goti lilisema nini, anaanika hivyo hivyo. Mashuka yalilowa chapachapa mara ngapi, mimi sisemi. Msimamizi wa nyumba ya wageni alimuuliza siku moja, "Mama Pasi, unaanika kwa utabiri wa mwaka juzi?"

"Huo ndio wenye mwenyewe," alimjibu.

Basi leo hakuna cha tarehe ya leo wala cha siku ile. Akajikaza kisabuni, akafuata kijua cha kuchora, akaanika. Mchana binti yake, karani wa shule, akapita kumuona. Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, simu mapajani, anagusa vile vistari vitatu, anatoka, anagusa tena. Binti akaichukua, akayatafuta maoni ya baba yake kila kona. Hakuyaona.

"Tuwapigie, mama. Namba yao ipo hapa."

Akapokea dada wa huduma kwa wateja. Binti akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Dada yangu," alisema Mama Pasi, "maoni ya kwenye hali ya hewa mmeyapeleka wapi?"

"Sehemu ya maoni tumeiondoa, mama. Watu walizidi kutukanana."

"Mume wangu hakumtukana mtu." Akafikiri. "Nyinyi aliwaita waongo, hilo kweli. Lakini ni mambo ya mvua tu."

Dada yule alicheka kidogo, akaomba wasubiri. Walisubiri na muziki. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka. "Nimewauliza mafundi, mama. Yamefutwa yote. Hata kwao hayapo."

"Bila kumwambia mtu?"

"Tulitangaza, mama. Siku thelathini nzima. Kila ukifungua, kulikuwa na kisanduku cha bluu kinatokea katikati. Mwenye maoni yake abonyeze, tumtumie nakala."

Mama Pasi alikijua kisanduku hicho. Kilikuwa na alama ndogo ya kufungia, kona ya juu. Na aliyemfundisha ile alama ni Posta, ile siku mkewe alipotaka kujaza majina yake yote kwa watu waliomwambia ameshinda gari. Posta alimnyang'anya simu, akamwonyesha kwa kidole: "Kitu kikikurukia mbele ya habari, usikisome. Matapeli hao. Wewe funga." Mama Pasi alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikifunga asubuhi thelathini, siku nyingine hata kikombe hakukiweka chini.

"Nilikuwa nafunga," alisema. "Aliniambia nifunge."

Yule dada nadhani alitakiwa kumuuliza ameridhika kiasi gani na huduma, maana ndivyo wanavyomaliza. Hakumuuliza. Alisema, "Pole sana, mama," kwa sauti ambayo haikuwa ya kazini, na simu ikakatika.

Binti alitaka kulia, akaona akilia yeye mama atafanya nini. Akatoa daftari la shule mkobani. "Mama, ya siku ile si unayo kichwani? Umeyasoma kila siku miaka miwili. Nitajie niyaandike, nitakutafutia fremu uyatundike."

"Eh, andika." Akakaa vizuri juu ya ndoo. "Andika: 'Goti leo limetulia. Anika yote.'"

Binti akaandika. "Halafu?"

"Halafu, 'Nikirudi tutaanua pamoja.'"

Binti akaandika.

"Hapana, kata. 'Nikirudi nitaanua mimi. Wewe pumzika.'"

Binti akakata, akaandika. Mama Pasi akayatazama maneno kwenye karatasi, uso ukabadilika. Mwandiko haukuwa na makosa, ila hakuwa na uhakika. Hakuwahi kuyashika kwa kichwa. Ayashike ya nini, wakati asubuhi yanamngoja palepale? Na sasa kila alipojaribu kuuona ukurasa ule wa zamani, kilichomjia ni kile kijua kinachocheka.

"Kuna 'pumzika' humo?" alimuuliza binti yake. "Wewe uliyasoma msibani. Aliniambia nipumzike, au naweka mwenyewe?"

"Sikumbuki, mama."

"Kumbuka."

"Nisamehe. Sikumbuki."

Aliyataja tena kwa sauti ndogo, ya kwanza, kisha ya pili, kisha akayachanganya. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa inahesabu maneno kwa vidole. Ilikuwa saa nane kasoro. Tone la kwanza lilipiga bati, likaja la pili, halafu mvua ikamwagika yote kwa pamoja juu ya mashuka sitini. Binti aliruka kwenda uani.

"Kaa," mama yake alimshika kanga. "Yaache. Ngoja kwanza nikumbuke."